Mwanakuu na Kitabu cha Mikate

Bi Zakiya wa Kibokoni hakuwa na subira na hadithi za kubuni. Alisema uongo anaupata bure barazani kila alasiri, tena uliokolea viungo, kwa hiyo hakuona haja ya kwenda kuununua dukani. Alipostaafu ualimu wa sekondari kule Ganjoni, alifungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akapanga rafu, akaanza kuazimisha vitabu vya aina moja tu: vile ambavyo mtu ameshika kalamu akaandika maisha yake mwenyewe. Wasomi huviita tawasifu. Majirani waliviita vitabu vya waliojisema wenyewe, na wakastaajabu sana, maana Kibokoni mtu hajisemi. Wapo wenziwe wa kumfanyia kazi hiyo.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: hakuna aliyejichagulia kitabu. Ukinyosha mkono kwenye rafu, Bi Zakiya hukukata jicho, mkono ukarudi wenyewe. Ilikubidi kwanza ukae kwenye kiti chake cha ukindu, utiliwe kahawa, uulizwe. Na maswali yake hayakuwa ya maktaba. Mara ya mwisho ulicheka na nani? Kuna nani hujamsamehe? Ukiwa peke yako nyumbani, waimba au wanyamaza? Mtu alijibu huku jasho lamtoka, naye Bi Zakiya akimtazama kwa juu ya miwani, kisha akainuka bila neno na kurudi na kitabu. "Nenda na huyu," husema. Hasemi "hiki." Kwake vitabu vyote vilikuwa watu.

Na kwa kweli alikuwa akipatia. Bwana Musyoka, aliyekuwa karani bandarini hata akastaafu, alikuwa akishinda kwenye fleti yake Ganjoni akigombana na televisheni. Bi Zakiya akampa kumbukumbu za dereva mmoja wa gari-moshi aliyestaafu na kuanza kujifunza kupika ili asimkere mkewe kutwa. Musyoka akarudi kuomba mwengine, na mkewe akatuma sahani ya maandazi. Rispah, muuguzi kutoka Siaya aliyepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya Bi Zakiya, alipewa maisha ya mkunga aliyekuwa akiogopa damu, akacheka mpaka jirani wakagonga ukuta. Sheikha wa nyumba ya kona, aliyekuwa akimlilia paka wake aliyekufa kama amefiwa na mume, alipewa mwanamke aliyezunguka jangwani na punda mmoja miaka mingi. Akafuta machozi, akafuga paka wawili.

Sifa hizo zilimlevya kidogo. Hakuna ubaya kulisema, kwa kuwa mtaa mzima ulilisema. Bi Zakiya alianza kuamini kuwa hakuna moyo Mji wa Kale ambao yeye hana dawa yake rafuni.

Sasa tuje kwa Mwanakuu. Huyu alikuwa shoga yake tangu chuo cha Kurani, walipokaa mkeka mmoja na kuonja bakora moja. Nyumba zao zilitazamana kichochoroni. Wa huku akipiga chafya, wa kule humwombea rehema. Bi Zakiya alipofiwa na mumewe, Mwanakuu alihamia na mto wake, akalala naye chumba kimoja eda nzima, akimlisha kwa mkono siku alizokataa kula. Lakini msomaji hakuwa. Yeye alikuwa mtu wa mikate: mkate wa sinia, mkate wa mayai, mkate wa mofa, na mingine isiyokuwa na jina bado. Vitabu alisema vyamlaza kuliko dawa ya kifua. Kwa hiyo siku alipovuka kichochoro, akaketi kwenye kile kiti cha ukindu, akaweka mikono mapajani na kusema, "Nami nipe wangu, Zakiya," Bi Zakiya alifurahi hata akasahau kumtilia kahawa.

Maswali nayo aliyaruka. Amwulize Mwanakuu nini? Alijua kiatu chake ni nambari gani, na jino lipi lamuuma akila cha baridi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu, akamletea kitabu cha mwanamke mmoja wa nchi ya mbali aliyeoka mikate maisha yake yote. Kila mlango wa kitabu hicho uliishia na namna ya kuoka mkate mmoja.

"Huyu mpishi mwenzako," alisema. "Mtapatana."

Mwanakuu alikitazama kitabu, akamtazama yeye, akaendelea kukaa kidogo kama aliyesahau kitu. Kisha akakitia chini ya buibui lake akaenda zake.

Wiki ikapita, Mwanakuu haonekani dirishani. Wiki ya pili alionekana, na ndipo balaa lilipoanza, maana alionekana na leso mpya.

Mgeni wa pwani huenda asielewe. Leso, au kanga, ina maneno, na maneno yana mwenyewe. Mwanamke akinunua leso, akajifunga, akapita nayo mbele ya dirisha lako, amekwisha kusema nawe, na wewe huna haki ya kudai hukusikia. Mwanakuu alipita polepole, amegeuza mgongo vizuri ili usomeke. Alipofika kona akarudi, akapita tena. Leso nyekundu, imeandikwa: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Bi Zakiya aliweka kikombe chini. Alizaliwa Kibokoni, alijua kusoma leso kabla ya kujua alifu na be, na alijua kwamba tangu leso zianze kuuzwa Barabara ya Biashara hakuna mwanamke aliyevaa mpya akampitia nayo mwenziwe dirishani ili kumsifu. Hicho kilikuwa kijembe, tena cha kunolewa pande zote mbili. Yaani yeye si rafiki? Amekosa nini?

Sheikha alifika kabla kahawa haijapoa. Habari za leso hazimpiti.

"Ulimpa kitabu gani?"

"Cha mikate."

"Mikate mitupu? Huyo mpishi hakuwa na mume?"

Bi Zakiya akakuna kichwa. Alikisoma kile kitabu miaka mingi nyuma, na alichokumbuka ni mkate wa iliki na ule wa tende. Lakini sasa alipofikiri, mume alikuweko. Alikuweko sana. Nusu ya kitabu ilikuwa huyo mume aliyenuna akakaa na mkewe nyumba moja pasi na kumsemesha, mpaka mwanamke akazima tanuri, akafunga nguo zake, akaondoka. Milango hiyo Bi Zakiya aliisoma mbiombio ili afike kwenye mkate wa tende.

"Ala!" akasema.

"Basi umemwambia amwache mumewe, Bwana Fuad," Sheikha akasema kwa raha ya mtu aliyefumbua fumbo. "Na harusi ya binti yao mwezi ujao! Wee Zakiya, mbona hivyo?"

"Mimi? Nimseme Fuad? Mtu wa watu yule, ukenda kwao hata sauti yakwe huisikii!"

"Sasa yuwakuonya. Ndiyo ile leso."

Mpaka adhuhuri mtaa wote ulikuwa umekwisha kukubaliana na Sheikha. Na hapo likatokea jambo ambalo Bi Zakiya alikuwa akiliombea dua tangu afungue chumba chake, nalo likaja kwa sura asiyoitaka: watu walianza kusoma. Walikuja ambao hawajafungua kitabu tangu mtihani wa darasa la nane. Wote walitaka kile cha mikate, na kwa kuwa kile kiko kwa Mwanakuu, walitaka ndugu zake. Kisha wakaona kumbe kitabu chafanya kazi ya leso, tena chaeleza kwa kirefu zaidi. Mmoja akaomba mtu aliyeteswa na wifi, ampeleke nyumba ya tatu bila yeye mwenyewe kutajwa. Mwengine akataka maisha ya bahili yeyote, ampelekee mwenye nyumba wake. Sheikha mwenyewe akauliza kama hakuna mwanamke aliyeandika juu ya mkwewe anayekuja kukaa siku mbili akamaliza Ramadhani.

"Hiki si kiwanda cha vijembe!" Bi Zakiya akafoka, lakini hakuna aliyemsikia. Walikuwa wakisoma.

Hata Bwana Musyoka alipanda tuk-tuk kutoka Ganjoni, amekunja uso.

"Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini yule dereva wa gari-moshi. Kuna mahali mkewe anasema soksi zake zinaweza kusimamisha treni. Ulimaanisha nini?"

"Sikumaanisha kitu, Bwana Musyoka."

"Mke wangu naye amekisoma. Yeye anasema ulimaanisha."

Bi Zakiya angeweza kuyacheka hayo yote, na siku nyengine angeyacheka pamoja na Mwanakuu, wameshika mbavu kila mmoja dirishani pake. Lakini dirisha la ng'ambo lilikuwa limefungwa. Nasiha, binti anayeolewa, yeye Bi Zakiya ndiye aliyemfundisha kusoma, amemweka mapajani kwenye kiti kilekile cha ukindu. Nguo yake ya kuvaa harusini alikwisha kuishona. Na ingawa alikuwa na ndugu zake Lamu, na rafu zake zimejaa watu, hakuwa na mtu mwengine wa kuzeeka naye. Aliogopa. Hakulala vizuri, chakula hakikumpendeza, na alianza kuwajibu watu ovyo.

Akamwita Rispah, ambaye alikuwa mgeni na kwa hiyo alifaa kutumwa bila kudhaniwa kitu. "Nenda umwambie Bi Mwanakuu, mimi kitabu nilimpa kwa ajili ya mikate. Mikate tu. Hapana jengine ndani yake. Mwambie sikumfikiria Bwana Fuad hata kidogo, wala sikumfikiria yeye."

"Niseme hivyo hivyo, Mwalimu? Hata hilo la mwisho?"

"Hivyo hivyo."

Rispah alivuka, akakaa kidogo, akarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema ahsante kwa kumjulisha."

"Uso je?"

Rispah alifikiri, kwa kuwa muuguzi amezoea kutazama nyuso. "Mwalimu, nilidhani atafurahi. Alikuwa kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali."

Toka hapo hata leso hazikupita tena. Mwanakuu alikwenda sokoni kwa kichochoro cha nyuma. Kisha wakatoka waalikaji. Wenyewe wa Mji wa Kale bado huona haya kumwalika mtu harusi kwa simu peke yake, kwa hiyo wanawake wawili hodari wa maneno, Sheikha akiwa mmoja wao, walijifunga mabuibui ya kutokea wakapita nyumba kwa nyumba. Bi Zakiya aliwasikia wakipiga hodi kushoto. Akavaa mtandio, akasimama nyuma ya mlango wake. Aliwasikia nyayo, akawasikia wakinong'onezana, kisha akawasikia wakipanda ngazi kwenda kwa Rispah. Waliposhuka hawakusimama. Walipiga hodi kulia.

Rispah alishuka baadaye kuuliza avae nini. Alipomwona Bi Zakiya amekaa chini, miguu ameinyosha, amezungukwa na vitabu, alisahau swali lake.

"Natafuta wa kumpelekea," Bi Zakiya akasema. "Lazima yuko aliyegombana na rafiki akapatana naye. Huyu hapa aligombana, lakini rafiki akafa. Huyu alipatana, lakini walikuwa wanaume, walipigana ngumi wakamaliza. Huyu aliandika barua kurasa ishirini. Mwanakuu kurasa ishirini hazisomi."

"Mwalimu," Rispah akasema taratibu, "nyumba si ile pale?"

Bi Zakiya akamtazama kwa juu ya miwani. Ni jicho ambalo limewahi kuwanyamazisha wanafunzi arubaini kwa mpigo, lakini Rispah alikuwa amezoea kuwadunga watu sindano, hakutishika.

Siku ya pili ilikuwa siku ya kuchagua mchele wa harusi. Bi Zakiya alivuka kichochoro mikono mitupu, na mikono hiyo hakujua aiweke wapi. Ukumbini kwa Mwanakuu wanawake walikuwa wamejaa mikekani, kila mmoja na ungo wake, wakitoa mawe na chuya. Alipotoa salamu, mazungumzo yalikatika. Waliitikia wote pamoja, vizuri mno, kisha wakainamia nyungo zao kama mchele ule umewekwa dhahabu.

Mwanakuu hakuinua kichwa. "Wachelewa," alisema. "Ungo wako ule, tangu jana wakungoja."

Bi Zakiya alibaki amesimama. "Sikualikwa," alisema, na sauti ikamsaliti ikatoka kama ya mtoto. "Waalikaji walinipita."

"Niliwaambia wakupite. Mtu wa nyumba haalikwi, Zakiya. Tangu lini wewe waalikwa nyumba hini? Au wataka na kadi?"

Wanawake wakaangua kicheko, Sheikha akiwatangulia, kana kwamba siye aliyenong'ona nje ya mlango. Bi Zakiya naye alicheka, akaketi, akavuta ungo, machozi yakamdondokea mcheleni. Alidhani mambo yamekwisha. Lakini aliona kuwa Mwanakuu hacheki, na kwamba akiulizwa kitu na wengine hujibu huku akitazama mlango.

Mchele ulipokwisha kuchaguliwa, Mwanakuu aliinuka kwenda kutia gunia ghalani. Bi Zakiya akamfuata, akashika upande wa pili wa gunia, wakaliegemeza ukutani. Hapo, katikati ya masufuria ya kukodi, akaamua kujitetea vizuri, maana alihisi Rispah hakuyapeleka maneno ipasavyo.

"Shoga, wallahi kile kitabu nilikupa kwa mikate. Sikuwa na neno moyoni. Niliyasahau hata hayo ya mume."

"Najua. Nilikwisha kuletewa habari." Mwanakuu alikaa juu ya gunia. "Kingeniuma nini, ungalikuwa na neno? Nilitaka uwe nalo."

Bi Zakiya hakuelewa.

"Kila mtu wamwuliza," Mwanakuu akasema. Hakupandisha sauti, kwa sababu ya watu ukumbini. "Musyoka wamwuliza. Rispah wamwuliza. Sheikha na paka wakwe wawauliza. Mimi kusoma sitaki, wanijua. Nilikuja nikakaa kwenye kile kiti chako ili nami niulizwe. Jibu nilikuwa nalo, nimelitayarisha siku nyingi. Nawe ukainuka, ukanitilia kitabu mkononi."

"Nilidhani nakujua."

"Nikakisoma basi. Mimi, Zakiya, kitabu kizima, na kamusi pembeni. Nilipofika kwa yule mume nikalia. Nikasema, kumbe hakuniuliza kwa kuwa ameona, shoga yangu ameniona, hakutaka kunitia haya. Nikenda Barabara ya Biashara, nikatafuta leso ya kukushukuru, maana kwa mdomo ningeshindwa. Nimekupitia nayo mara mbili! Nikangoja uje. Ukamleta Rispah na mikate yako. Ati hukunifikiria kabisa."

Bi Zakiya alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya sufuria lililofunikwa. Alikuwa na haya ambayo hajapata kuwa nayo tangu utotoni, na chini ya haya hayo, ulimi wake, kwa mazoea tu, ulikuwa umekwisha kuanza kupekua rafu: kuna yule wa Pemba, kuna yule mjane, kuna yule. Aliuuma.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Nimechelewa, lakini nakuuliza. Kuna nini na Fuad?"

Mwanakuu alitazama mikono yake, yenye vumbi la mchele.

"Hasemi nami. Mwaka wa pili huu. Tulianzia na feni, mimi nilitaka izimwe, na sasa hata mimi nimesahau kusema naye. Nasiha ndiye mdomo wetu. Mwambie mamako maji yamekwisha. Mwambie babako muuza maji ameitwa. Mtoto amechoka mpaka amekubali posa ya kwanza iliyobisha hodi. Akishaolewa atakwenda kwa mumewe, na mimi na Fuad tutabaki na hiyo feni. Nani atakuja kuniambia maji yamekwisha?"

Nje mtu alipiga kigelegele cha kujaribu sauti, wengine wakamcheka.

"Na mimi nilikuwa wapi?" Bi Zakiya akauliza. "Miaka miwili, nyumba yatazamana na nyumba. Mimi nilikuwa wapi, Mwanakuu?"

"Ulikuweko," Mwanakuu akasema. "Idi ya mwaka jana ulikaa hapo ukumbini na sahani ya kaimati. Fuad amekaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Nikasema, Nasiha, mwambie babako chai i tayari. Ulicheka, Zakiya. Ulicheka mpaka ukavua miwani ukafuta mato, ukasema hujapata kuona nyumba yenye raha kama hini."